Titi la Duka la Mchele

Kwa miaka thelathini kazi ya Kiwako ilikuwa kuyanyamazisha matiti ya wanawake wenzake. Kimono haitaki matiti. Inataka mwili ulionyooka toka begani hadi kisiginoni, usio na bonde wala kilima, na kwa kuwa hakuna mwanamke aliyezaliwa hivyo, watu kama Kiwako wanapata riziki. Mteja akija na kifua kilichojaa, anakibana kwa kitambaa mpaka kitii. Akija na kiuno chembamba cha kujivunia, anakijaza mataulo mpaka kinapotea. Halafu zinafuata kamba, tabaka juu ya tabaka, na mwisho mshipi mpana wa hariri, ambao anauvuta kwa nguvu za mgongo mzima.

Wasichana waliotimiza miaka ishirini, wanaokuja kuvalishwa kila Januari kwa ajili ya sherehe yao, ndio walalamikaji wakubwa.

"Bi Kiwako jamani, nimeyasubiri miaka yote hii, halafu leo unayafukia?"

"Tulia, mwanangu. Utayakuta jioni."

Jibu hilo alilirithi kwa mama mkwe wake, Shizue, mwenye duka la kuvalisha kimono, aliyemfundisha kazi tangu wiki ya kwanza ya ndoa. Mji mzima wa Kanazawa unamwita Shizue Mwalimu. Ana miaka themanini na moja, vidole vimeanza kupinda, lakini ulimi umenyooka kuliko zamani.

Kwa hiyo Kiwako alipoondolewa titi la kushoto mwezi wa Aprili, kwa saratani iliyogunduliwa mapema, ile nusu ya mji inayovaa kimono ilimpa pole ya aina moja. Bahati yako, walisema, wewe ni mtu wa kimono. Nani atajua? Wengine waliyasema hayo kwa upendo na wengine kwa kukosa la kusema. Kiwako aliitikia wote kwa kichwa. Na kusema kweli, yeye mwenyewe alikuwa ameshajiambia hivyo kabla yao, pale pale kitandani hospitalini.

Aliporudi kazini alichukua taulo moja jembamba, katika yale ambayo duka la mchele hugawia wateja wake kila mwaka mpya, yenye jina la duka pembeni kwa wino wa buluu. Mataulo ya bure ndiyo mazuri kwa kazi hii, maana yale ya bei yanafura. Akalikunja, akalipachika penye kovu, akavaa, akafunga mshipi, akasimama mbele ya kioo. Huwezi kuona tofauti. Mumewe Yasunori, fundi wa mabomba ya maji ya mji, mtu mpole asiyejua kunyamaza mahali panapohitaji kunyamaziwa, akampigia makofi.

"Umepata titi la duka la mchele," alisema.

Wakacheka wote wawili mpaka Shizue akaja kuuliza kuna nini. Kicheko cha Kiwako asubuhi ile kilikuwa cha kweli, tusimsingizie. Mchana hakuwa na tatizo. Tatizo lilikuwa jioni, akifungua mshipi. Kamba zikilegea, upande wa kulia ulishuka taratibu ukapumzika, na upande wa kushoto taulo likaanguka mkekani. Alijifunza kulidaka kabla halijafika chini. Alijifunza pia kukipa kioo mgongo, na baada ya miezi michache akawa hata hakumbuki kwamba zamani alikuwa akivua nguo huku amekiangalia.

Novemba ilipofika, yule daktari aliyemtoa saratani akamwambia kila kitu kinaendelea vizuri, na kwamba safari hii apite chumba cha pili akaongee na Daktari Nagase, anayetengeneza matiti upya. Kiwako alipita kwa adabu tu. Alikuwa ameshaandaa namna ya kukataa bila kumuudhi mtu.

Daktari Nagase alikuwa mwanamke ambaye hajafika arobaini, mwenye viatu vya mazoezi chini ya koti jeupe. Mezani alikuwa na matiti ya silikoni yamepangwa kwenye sinia, moja la mviringo kamili, jingine limejaa zaidi chini. Alimpa lile la pili.

"Shika bila woga. Halivunjiki."

Kiwako alilishika jinsi anavyoshika kitambaa kigeni dukani, kwa kidole gumba na cha shahada. Lilikuwa zito kuliko alivyodhani, la baridi, na likibonyezwa linarudisha kidole.

"Kama konyaku," alisema bila kufikiri.

Daktari akacheka. "Wote mnasema hivyo. Kule Nagoya kuna mmoja hata alilinusa."

Na kweli, hakuna mtu wa nchi ile ambaye angeshika kitu kile asikumbuke konyaku, ule mgando wa kijivu unaotengenezwa kwa unga wa kiazi, unaokatwa vipande na kuchemshwa kwenye mchuzi wakati wa baridi. Tofauti ni kwamba hili lilikuwa jeupe.

Daktari alimweleza bila kumung'unya maneno. Ngozi iliyobaki kifuani ilikuwa imekaza, kwa hiyo huwezi kuingiza silikoni moja kwa moja. Kwanza unapachikwa mfuko mtupu chini ya msuli wa kifua. Halafu unakuja hospitali mara kwa mara, unachomwa sindano ya maji ya chumvi, mfuko unajaa kidogo kidogo, ngozi inatanuka. Miezi ile kifua kinakuwa kigumu kama jiwe na mkono wa kushoto hauvuti kitu kizito. Ngozi ikishapatikana ya kutosha, unarudi chumba cha upasuaji, mfuko unatolewa, silikoni inaingia.

"Na baada ya hapo ndiyo basi?"

"Hapana, nisikudanganye. Silikoni si ya milele. Inaweza kuhama, inaweza kuzungukwa na ngozi ngumu ikakaza, inaweza kupata wadudu tukalazimika kuitoa. Utakuwa unaangaliwa maisha yako yote, na huenda siku moja ikabadilishwa. Tena halitahisi kitu. Ukiligusa, mkono ndio utakaojua, kifua hakitajua. Baridi ikizidi utaliona la baridi."

"Unaliuza vibaya, Daktari."

"Siliuzi. Kuna njia nyingine ya kutumia nyama yako mwenyewe, lakini tumbo lako halina kitu. Ya mgongoni ipo."

"Mgongo siutoi," Kiwako alisema haraka. "Mgongo ndio unaovuta mishipi."

"Basi ni silikoni, au kubaki hivi. Kubaki hivi pia ni jibu. Wengi wanabaki hivi na wanaishi vizuri tu. Wanaotaka, wengi wao wanasema ni kwa ajili ya kuoga na wenzao kwenye maji ya moto."

"Mimi nashinda nikiona watu uchi, Daktari. Siku ya mapumziko sina hamu ya kuwaona tena."

Daktari akacheka tena, kisha akafungua kalenda. Alikuwa na nafasi moja Februari. Machi angeondoka kwenda masomoni, na mwenzake wa kumpokea hakujulikana angekuja lini. Kiwako amwambie Ijumaa, ndiyo au hapana, nafasi isije ikapotea bure.

Kiwako alifungua mdomo aseme hapana hapo hapo, maana hilo ndilo lililomleta. Akasikia sauti yake ikisema, "Nitakwambia Ijumaa."

Nyumbani aliieleza habari ile kama kichekesho, kwa sababu ndiyo njia salama ya kuleta jambo mbele ya Shizue. Walikuwa wamekaa kwenye meza fupi yenye moto chini yake, miguu ndani ya blanketi, mvua ya barafu ikipiga dirisha.

"Mfuko wa maji?" Yasunori aliuliza, akaweka gazeti chini. "Unajazwa kwa kupitia wapi? Una valvu?"

"Unayo, ndogo, chini ya ngozi."

"Valvu ya aina gani?"

"Sikuuliza aina ya valvu, Yasu."

"Ningekuwa mimi ningeuliza. Bomba lolote linavujia kwenye valvu."

"Wewe nyamaza na valvu zako," Shizue alisema. "Februari, amesema? Ukikatwa Februari, Machi kuna wahitimu, watoto wa watu washaweka miadi tangu mwaka juzi. Aprili kuna wanaoanza shule na mama zao. Mei kuna watu wa sherehe za chai. Huo mkono usiovuta utavuta lini?"

"Ndiyo maana nasema ni kichekesho, Mama."

"Tena na umri huu, la nini? Kazini unalibana. Nyumbani anayekuangalia ni huyu, naye akivua miwani hajui kama ni wewe au kabati."

"Mama!" Yasunori alilalamika. Kisha akamgeukia mkewe, akasema kwa upole wote alionao, "Kiwa, mimi unanijua. Uwe nalo, usiwe nalo, kwangu mimi ni sawasawa."

Alikuwa amelisema hilo tangu Aprili. Kila alipolisema lilikuwa jema, na kila lilipokuwa jema lilimchoma Kiwako mahali ambapo hakuweza kupaonyesha. Akainuka kwenda kuosha vikombe.

Kesho yake alikwenda sokoni akanunua konyaku.

Hakumwambia mtu, wala hakujiambia mwenyewe kwa nini. Alinunua bonge kubwa kuliko yote. Alisubiri Shizue aende kwa tabibu wa vidole, akachukua kisu chembamba, akaanza kuchonga. Yeye ni mtu wa kazi ya mikono na jicho lake halihitaji futi: alipunguza juu, akaacha chini kumejaa, akaviringisha pembe zote mpaka likalingana na la kulia. Vipande vilivyobaki alivitupa. Bonge lenyewe alilitia ndani ya mfuko wa nailoni, akalifunga, akashona kimfuko upande wa kushoto wa fulana yake ya ndani, akalitumbukiza.

Lilikuwa la baridi hata akapiga yowe. Baada ya muda likapata moto wa mwili, akalisahau. Juu yake alivaa sweta ya kawaida, akatoka kwenda kununua uzi ambao hakuuhitaji. Kwenye kioo cha duka la vyombo aliona mwanamke mwenye sweta anapita, akatembea hatua kadhaa kabla ya kuelewa kwa nini amemwangalia. Kwenye kaunta alipoinama kuokota sarafu, kitu kile kiliinama naye. Kikamzubaisha kidogo. Miezi yote ile alikuwa akiinama upande mmoja tu.

Jumatano alijaribu kulivaa ndani ya kimono, na hapo likamtia aibu. Ulikuwa msimu wa watoto wa miaka mitatu, mitano na saba kupelekwa kuombewa, na yeye alikuwa amepiga magoti akimfunga mshipi binti wa miaka saba mwenye miguu isiyotulia. Alipovuta kamba, konyaku ikahama. Iliteleza kutoka kwenye kimfuko, ikajisogeza taratibu, ikaenda kukaa kwapani kama kipima joto. Bibi wa yule binti alimkazia macho pale kwapani, akainua macho, akaangalia dari. Kiwako alimaliza kazi mkono wake umebanwa ubavuni.

Njiani kurudi alijiona mjinga wa mwisho. Mama alikuwa amesema kweli. Kwa kazi yake kitu kile kilikuwa usumbufu mtupu, na Ijumaa angesema hapana kwa moyo mkunjufu.

Alifika, akaingia chumbani, akafungua mshipi. Kamba ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kulia kukashuka kukapumzika. Na kushoto, lile bonge likatoka kwapani, likateremka lenyewe, likatulia mahali pake.

Hakuna kilichoanguka. Mkono wake ulikuwa umeshatangulia kudaka, ukabaki hewani haudaki kitu.

Aligeuka akatazama kioo. Ilikuwa fulana ya pamba iliyofubaa, mwanamke wa miaka hamsini na mitatu, alama nyekundu za kamba kiunoni, na kifua chenye pande mbili. Akalia. Tangu Aprili hakuwa amelia, hata siku ya kutolewa nyuzi, na sasa alilia kwa sauti, taulo mdomoni ili nyumba isisikie, kwa ajili ya kiazi kilichogandishwa. Alilitaka titi. Hilo ndilo lilikuwa jambo lenyewe na hapakuwa na namna ya kulizunguka. Hakulitaka kwa ajili ya Yasunori wala kwa ajili ya maji ya moto, na kazi yake haikulihitaji hata kidogo. Alilitaka tu, na aliona haya kulitaka, kama mtu mzima anayetamani pipi za watoto.

Alijifuta uso. Akaitoa konyaku kwenye nailoni, akaisuuza, akaitia kwenye bakuli la maji lenye kifuniko cha kijani, akaiweka nyuma kabisa ya friji, maana konyaku isipokaa kwenye maji inakauka. Hata katika hali ile alikuwa mama wa nyumba.

Alhamisi kutwa alikuwa na wateja kwenye ukumbi wa harusi upande wa pili wa mto. Alivaa taulo la duka la mchele, akafanya kazi vizuri, na wakati wote alikuwa anajipanga. Machi ni Machi. Vidole vya Mama haviwezi kumfunga mtu tena. Kesho atasema hapana, asante, na hakuna atakayejua kwamba alitaka. Aliporudi hakubadili nguo, kwa sababu harufu ya mchuzi ilimpokea mlangoni na Shizue alikuwa ameshaita.

Sufuria ilikuwa katikati ya meza, inachemka taratibu: figili, mayai, vibonge vya samaki aliyesagwa, na mkate wa ngano uliovimba kwa mchuzi. Baridi ya namna ile haina dawa nyingine. Yasunori alikuwa ameshaanza, miwani imejaa mvuke.

"Kiwako, wewe siku hizi unasumbuliwa na nini?" Shizue aliuliza, akimpakulia. "Konyaku gani ile uliyoichonga? Mtu anaviringisha pembe zote kama anachonga mhuri wa benki! Nusu nzima umetupa. Nimeikata hivyo hivyo nikaitia, lakini nimehuzunika."

Kiwako aliweka vijiti chini.

"Ilikuwa kwenye bakuli, Mama? La kifuniko cha kijani?"

"Hilo hilo. Ulitaka ioze huko nyuma?"

Kiwako alimwangalia mumewe. Shavu la kulia la Yasunori lilikuwa limejaa, linatafuna kwa raha.

"Yasu," alisema. "Unakula titi langu."

Shavu likasimama. Yasunori alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, kana kwamba kwa kuona vizuri angesikia vizuri.

"Nimeze au niteme?" aliuliza kwa mdomo uliojaa.

"Meza."

Akameza. Akafikiri kidogo. "Limekolea."

Hapo Kiwako akaangua kicheko. Alicheka mpaka mshipi ukamkaba, akaushika kwa mikono miwili, akacheka tena, na Yasunori akacheka kwa kuwa mkewe anacheka, na katikati ya kicheko hicho machozi yakaanza na hayakukatika kicheko kilipokatika. Shizue peke yake hakucheka. Alikuwa anaangalia kipande cha kijivu kwenye upawa wake, ule ukingo wake ulioviringishwa kwa kisu na mtu anayejua kazi.

"Ulikuwa unaivaa," Shizue alisema.

"Siku mbili, Mama."

"Kwa nini?"

"Nione."

"Ukaona nini?"

Kiwako akawaeleza. Akaeleza kimfuko, sweta, kioo cha duka la vyombo, kwapa, na yule bibi aliyeangalia dari. Alipofika kwenye jioni ya jana akajifuta macho kwa ukingo wa mkono wa kimono, na Yasunori, masikini, akaona hapa ndipo pa kusaidia.

"Lakini Kiwa, mimi si nilishakwambia? Kwangu mimi ni sawa..."

"Najua! Kwako wewe ni sawasawa! Umeniambia tangu Aprili, nami nakushukuru. Lakini hakuna hata mtu mmoja humu ndani aliyeniuliza kama kwangu mimi ni sawasawa. Hata mimi sijajiuliza. Mji mzima unaniambia bahati yangu, nami naitikia." Alipumua. "Si sawasawa. Mimi nataka nikifungua mshipi nisidake taulo. Ni hilo tu. Nataka nifungue, na kiwepo kitu."

Hakuwahi kupaza sauti mezani pale tangu aolewe. Sufuria ilichemka. Yasunori aliinamisha kichwa kama mtoto aliyevunja kikombe, na alikuwa amesikia, kwa sababu safari hii hakuongeza neno.

Shizue alirudisha kipande cha konyaku ndani ya sufuria.

"Amesema halitahisi kitu," alisema.

"Halitahisi."

"Na linaweza kuharibika likatolewa."

"Linaweza."

"Na miezi hiyo ya maji litakuwa gumu."

"Kama jiwe, anasema."

"Jiwe la ukubwa gani?"

Kiwako akaonyesha kwa kiganja. Shizue akakikodolea macho kiganja kile, na Kiwako akayajua macho yale. Ndiyo macho yanayompima mteja tangu mlangoni, kabla hajavua viatu.

"Basi kushoto hakubanwi," Shizue alisema. "Ukilibana jiwe litakuumiza wewe, na mstari utavunjika. Hapo inabidi kulia ndiko kupande. Mataulo mawili kulia, moja jembamba chini ya shingo kushuka hadi katikati, na kamba ya kifua ipite juu zaidi. Kila baada ya sindano tunapima upya. Ni kazi ya kuudhi, lakini inafanyika."

"Na Machi, Mama?"

"Machi nitafunga mimi."

"Vidole vyako..."

"Vinauma, havijafa. Wewe utakaa kwenye kiti karibu yangu uniambie ninapokosea, jambo ambalo umelitamani tangu ulipoolewa. Yasunori atavuta."

"Mimi?" Yasunori akashtuka.

"Mabomba ya mji mzima unayakaza, mshipi utakushinda? Utafumba macho, uvute nikikwambia vuta."

Kisha akachokoa ukingo wa sufuria kwa ncha ya kijiti. Alipoanza tena hakuwa anamwangalia mtu.

"Mimi ndiye niliyekufundisha kwamba matiti ni usumbufu. Nimelisema kila siku kwa miaka thelathini. Nilikuwa nasema ya kazini, Kiwako. Ya nyumbani sikuyasema." Akaweka kijiti chini. "Ilinipasa kuyasema. Nisamehe kwa hilo. Haya, geuka."

Kiwako hakuelewa.

"Geuka nikufungue huo mshipi, umekukaba umekuwa mwekundu. Huwezi kula umefungwa hivyo."

Mvalishaji hafunguliwi na mtu, hujifungua mwenyewe. Kiwako aligeuka. Vile vidole vilivyopinda vilichelewa kwenye fundo la kwanza, vikanung'unika, vikalipata. Kamba zikalegea. Taulo likateremka, na kabla Kiwako hajaliwahi, mkono wa Shizue ukalidaka. Akalikunjua kwenye mwanga wa taa, akasoma jina la duka kwa sauti, akalipangusia mchuzi uliomwagikia meza.

Ijumaa, Daktari Nagase alisikia ile ndiyo, na kwa kuwa alikuwa mtu mkweli, akarudia yote mabaya tangu mwanzo. Silikoni si ya milele. Haitahisi. Itafuatiliwa. Kiwako aliitikia kila moja. Mwisho daktari akaweka kalamu chini.

"Nikuulize tu kwa udadisi. Kutwa nzima uko ndani ya kimono. Hilo titi litakuwa limefunikwa, limezungushiwa mataulo, hakuna atakayelijua. Litakuwa linafanya kazi gani humo?"

"Mchana halina kazi, Daktari," Kiwako alisema. "Nitalikuta jioni."